Waundaji wa Michezo ya Kompyuta Wafuate Mkondo Upi?

Mwezi Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 na kutakiwa kufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Waliobuni mpango huo walikuwa na nia njema. Hata hivyo, ipo kazi moja inayowavutia vijana wetu wengi ambayo haitoshei katika mkondo wowote kati ya hiyo mitatu, nayo ni uundaji wa michezo ya kompyuta na ya simu.

Mzazi asiyeijua kazi hiyo aghalabu hushtuka. Mtoto akitamka kwamba angependa kwenda chuo kikuu kusomea michezo, baba hudhani ama anataka kukimbia kiwanjani, ama amenaswa na kamari, donda ambalo limezitafuna nyumba nyingi humu nchini. Baba huyo si wa kuchekwa. Anayeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuuliza ananunua nini.

Basi na tuitazame kazi yenyewe. Mpira ukirushwa katika kioo cha simu ni sharti ushuke kama ushukavyo mpira wa kweli, na anayeushusha ni mtu aliyeielewa fizikia, kisha akaandika programu. Pembeni yake yuko mchoraji, yuko mtunzi wa hadithi, yuko fundi wa sauti. Yuko pia mbunifu wa kanuni, na huyu ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Atakaye kujua uzito wa kazi yake na akae barazani na wazee wa pwani wanaocheza bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, bahati haina nafasi, na bado mtu hucheza miaka arubaini asiuchoke mchezo huo. Punguza kanuni moja, unageuka wa kitoto; ongeza moja, hauchezeki. Hatimaye yuko msimamizi, ambaye hugawa kazi, huchunga fedha na siku zilizosalia, na kuhakikisha kuwa mchezo unajaribiwa kabla ya kuuzwa.

Mji ambao historia yake yafaa kuchunguzwa ni Dundee, kule Uskoti. Mji huo uliishi kwa viwanda vya nyuzi za juti hadi vikadidimia. Kiwanda cha saa cha Timex kilichokuwa hapo kikaunda kompyuta ndogo za ZX Spectrum katika miaka ya 1980, na vijana wa mji wakakutana katika chama cha wapenda kompyuta wakifundishana. Mmoja wao, David Jones, alipoachishwa kazi Timex alitumia kiinua mgongo chake kununua kompyuta bora zaidi. Kampuni aliyoianzisha, DMA Design, ilitoa mchezo wa Lemmings mwaka 1991 na ule wa Grand Theft Auto mwaka 1997. Toleo la tano la mchezo huo wa pili, lililotolewa mwaka 2013 na warithi wa kampuni hiyo, limeuzwa zaidi ya nakala milioni 200. Timex nayo ilifungwa mwaka 1993 baada ya mgomo mkali.

Ni mwaka huohuo wa 1997 ambapo Chuo Kikuu cha Abertay, kilichoko mjini humo, kilianzisha shahada ya michezo ya kompyuta, na hujinasibu kuwa kilikuwa cha kwanza duniani kufanya hivyo. Msomaji azingatie mpangilio wa mambo. Mafundi walitangulia, chuo kikawafuata. Azingatie pia namna ya kufundisha: wanaoandika programu wana shahada yao na wachoraji wana yao, lakini katika mwaka wa tatu huchanganywa katika vikundi, wakapewa kazi na kampuni ya nje na tarehe ya kuikamilisha. Hapo ndipo mwanahisabati hugundua kwamba hawezi kuelewana na mchoraji, na ndipo hujifunza.

Nachelea kwamba vyuo vyetu, vikiwa na njaa ya karo, vitachukua kozi ya kompyuta iliyopo, viibandike jina jipya na kuita wanafunzi. Hilo litakuwa dhuluma, kwa maana hata huko ughaibuni soko limekaza. Januari 2024 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 katika idara yake ya michezo. Mwezi uliofuata Sony ikataja takriban 900. Kijana wetu mwenye karatasi tupu atashindana na mabingwa hao.

Lakini waliothubutu hapa kwetu wapo. Wesley Kirinya aliunda mchezo wa Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, kampuni inayotumia mashujaa wa Kiafrika katika michezo na vibonzo. Hawakungoja chuo kikuu kiwafungulie mlango.

Kwa hiyo mzazi atakayeletewa fomu ya kozi kama hiyo asihangaike na brosha. Aende chuoni na aulize: ni mchezo upi ambao wanafunzi wenu wameumaliza, na je, naweza kuucheza katika simu yangu sasa hivi? Akionyeshwa, na auze ng'ombe. Nao walimu wakuu wa shule za upili wana la kufanya kabla ya hapo: msichana wa mkondo wa sayansi aliye na kipawa cha kuchora apewe nafasi katika darasa la sanaa, hata kama ratiba itabidi ipangwe upya.