UFUNDI KIJIJINI: Fremu ya kutembelea inayokunjwa

Ndugu msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya watu ambao miguu yao imepungua nguvu. Huenda nyumbani kwako yupo mtu wa namna hiyo. Labda ni bibi aliyezeeka. Labda ni baba aliyevunjika nyonga, akatibiwa, lakini bado anaogopa kutembea. Labda ni mtu aliyeugua polio utotoni.

Mtu huyu anaweza kusimama akishikwa. Anaweza kupiga hatua chache akishika ukuta. Lakini ukuta ukiisha, na safari yake imeisha. Basi anakaa kutwa nzima. Akitaka kwenda chooni, anangoja mtu amshike. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, hafiki.

Kukaa hivyo kuna madhara. Misuli isiyotumika huzidi kulegea. Viungo hukakamaa. Mtu akikaa au kulala mahali pamoja muda mrefu, ngozi yake huweza kupata vidonda. Mtu huyu anahitaji ukuta anaoweza kwenda nao. Ukuta huo ni fremu ya kutembelea.

Fremu ya kutembelea ina miguu minne. Ina vishikio viwili, kimoja kila upande. Mbele imefungwa. Nyuma iko wazi. Mtu husimama ndani yake, akashika vishikio kwa mikono yote miwili. Fundi seremala wa kijijini anaweza kuitengeneza.

KWA NINI IKUNJWE?

Fremu isiyokunjwa hula nafasi. Katika chumba kidogo watu huikwaa usiku, kisha huiweka nje. Ikikaa nje, mwenyewe hawezi kuifikia. Katika basi, haina pa kukaa. Kwa hiyo mgonjwa huenda zahanati bila fremu yake, akabebwa tena kama zamani.

Fremu inayokunjwa husimama kando ya kitanda. Huingia chini ya kiti cha basi au huegeshwa ukutani. Inakwenda na mwenyewe.

Lakini angalia, ndugu msomaji. Mahali panapokunjwa ndipo penye hatari. Fremu ikijikunja wakati mtu ameiegemea, mtu huyo ataanguka. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Kwa hiyo kumbuka jambo hili kuliko mengine yote: fremu nzuri hukunjwa na mtu, fremu mbaya hujikunja yenyewe.

KWANZA, MPIME MWENYEWE

Usimpe mtu fremu ya mtu mwingine bila kupima. Fremu fupi humwinamisha. Fremu ndefu humpandisha mabega, na mikono haipati nguvu ya kusukuma chini.

Pima hivi. Mtu avae viatu anavyotembelea. Asimame wima, huku watu wawili wakimshika. Mikono yake ining'inie chini. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale mtu anapovaa saa. Hicho ndicho kimo cha fremu. Akishika kishikio, kiwiko chake kitapinda kidogo tu.

Kama hawezi kusimama kwa kupimwa, alale chali juu ya mkeka, miguu imenyooka, viatu vikiwa miguuni. Pima kutoka kwenye soli ya kiatu hadi kwenye mkunjo huo wa mkono.

Kisha pima milango. Mlango mwembamba kuliko yote mara nyingi ni wa choo. Fremu lazima ipite hapo, tena ibaki nafasi ya vidole pande zote mbili. Upana wa sentimeta 58 kutoka nje hadi nje huwafaa watu wengi. Mtu mnene ataongezewa.

Na zaidi ya yote, muulize mwenyewe. Anataka kwenda wapi? Ni mkono gani wenye nguvu? Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huko Sweden, mama mmoja aitwaye Aina Wifalk aliugua polio katika ujana wake, akabaki na shida ya kutembea. Mwaka 1978 yeye mwenyewe alibuni fremu ya kutembelea yenye magurudumu. Leo fremu za namna hiyo zinatumika katika nchi nyingi. Aliyeijua shida ndiye aliyejua dawa yake. Magurudumu hayo hupenda sakafu ngumu na barabara nzuri. Kwenye mchanga na tope, magurudumu madogo hukwama. Kwa njia zetu nyingi za kijijini, miguu mitupu yenye mpira ndiyo bora.

VIFAA

Tafuta vitu hivi:
1. Mbao kavu zenye unene wa sentimeta 3, zisizo na vifundo wala nyufa. Mbao mbichi hujipinda zikikauka.
2. Bawaba nne za chuma zilizo imara, na skrubu zake.
3. Bolti na nati za kuungia mbao. Usitegemee misumari peke yake. Fremu hutikiswa kila hatua, na misumari hulegea.
4. Nondo nyembamba ya milimita 8, kwa ajili ya vizuizi viwili.
5. Vipande vya tairi kuukuu, kwa ajili ya nyayo.
6. Msasa.

JINSI YA KUTENGENEZA

Fremu ina sehemu tatu: mbavu mbili na kifua kimoja.

Mbavu. Kila ubavu una miguu miwili, wa mbele na wa nyuma. Juu, miguu hiyo imeunganishwa na kishikio. Chini ya kishikio kuna miti miwili ya kukaza. Mti wa juu uwe shubiri moja chini ya kishikio. Mti wa chini uwe sentimeta 30 hivi kutoka ardhini. Kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma iwe sentimeta 40. Kishikio kichongwe kiwe mviringo, kisha kipigwe msasa mpaka kisichome kiganja.

Kimo usikisahau. Kama mtu amepimwa sentimeta 80, na mpira wa nyayo una sentimeta 2, basi ubavu mzima uwe na sentimeta 78.

Kifua. Hiki ni cha mbele. Kina nguzo mbili zenye upana wa sentimeta 8, na miti miwili inayopita kati yake. Miti hiyo iwe sawa kwa kimo na miti ya mbavu. Nguzo za kifua zisifike ardhini. Kwa nini? Kwa sababu uzito wa mtu unatakiwa kushuka kwenye vishikio, upite katika miguu minne ya mbavu, ufike chini moja kwa moja. Kifua kazi yake ni kuzishika mbavu zisiyumbe. Hivyo bawaba hazibebi mzigo mkubwa.

Kuunga. Simamisha ubavu nyuma ya nguzo ya kifua, ukingo wa nje ulingane na ukingo wa nje. Funga bawaba mbili katika kona ya ndani, moja juu na moja chini. Jani moja la bawaba lifungwe kwenye ubavu kwa ndani. Jani la pili lifungwe kwenye nguzo ya kifua kwa nyuma. Sasa ubavu utaweza kukunjwa kuelekea ndani. Hautaweza kufunguka kupita kiasi kuelekea nje, kwa kuwa utagota kwenye nguzo.

Hapa fundi wengi hukwama. Ubavu wa kushoto ukikunjwa, unalala juu ya kifua. Wa kulia nao ukikunjwa, unakuta mwenzake amekwisha lala. Hauna mahali pa kulala. Dawa yake ni rahisi. Nguzo ya kulia ya kifua iongezewe ubao wa unene wa sentimeta 3 kwa nyuma, ndipo bawaba zifungwe juu ya ubao huo. Na ubavu wa kulia upunguzwe sentimeta 3, uwe na 37, ili miguu ya nyuma ilingane. Sasa ubavu wa kulia utalala juu ya ule wa kushoto bila taabu.

Nyayo. Kata mpira wa tairi, ufunge chini ya kila mguu. Kichwa cha skrubu kizame ndani ya mpira. Chuma kikigusa sakafu ya saruji, fremu itateleza.

KIZUIZI: SEHEMU YA KULINDA UHAI

Sasa bawaba zipo, lakini fremu bado inaweza kukunjika kuelekea ndani. Usimpe mtu aijaribu kabla ya kuweka vizuizi.

Kata nondo vipande viwili. Mhunzi apinde kila ncha iwe pete. Ncha moja ifungwe kwa bolti juu ya mti wa juu wa kifua, sentimeta 20 kutoka kwenye kona. Juu ya mti wa juu wa ubavu, sentimeta 20 kutoka kwenye kona, simamisha bolti nyingine, ncha yake ikiangalia juu. Fungua ubavu mpaka ugote. Pete ya pili ya nondo iangukie kwenye bolti hiyo kutoka juu. Sasa kona imefungwa. Urefu wa nondo ni kama sentimeta 28, lakini pima kila upande peke yake, kwa sababu upande wa kulia una ule ubao wa ziada.

Mtu akiinua fremu, pete inaweza kuruka ikatoka. Kwa hiyo toboa tundu dogo karibu na ncha ya bolti, upitishe pini ya waya mgumu juu ya pete. Pini ifungwe kwa kamba kwenye fremu isipotee. Vizuizi viko juu kwa makusudi. Mwenye fremu akiwa amekaa, avifikie, avifunge na kuvifungua mwenyewe.

KUJARIBU

Fundi ajaribu kwanza kabla ya mgonjwa. Afungue fremu, aweke vizuizi na pini. Mtu mzito kuliko mwenye fremu aegemee vishikio kwa uzito wake wote. Atikise mbele, nyuma, kushoto na kulia. Asikilize. Kama panalia, pamelegea. Mguu mmoja ukiwa mfupi, fremu itayumba. Rekebisha. Kisha mwenyewe aiinue kidogo. Kama ni nzito kwake, fundi apunguze mbao pasipo kubeba uzito.

JINSI YA KUTEMBEA

Siku za kwanza, mtu mmoja asimame kando yake, nyuma kidogo.

1. Anaposimama kutoka kwenye kiti, asivute fremu. Itapinduka. Asukume kiti kwa mikono, ainuke, ndipo ashike fremu.
2. Aisogeze fremu mbele hatua moja fupi. Nyayo zote nne zikae chini.
3. Apeleke mguu dhaifu kwanza, huku akisukuma vishikio chini.
4. Kisha apeleke mguu wenye nguvu.
5. Asiisogeze fremu mbali, wala asisimame karibu mno na kifua chake.

Akigeuka, ageuke kwa hatua ndogo ndogo. Fremu hii si ya kupandia ngazi. Na njia ya kwenda chooni ifagiliwe. Jiwe dogo na kamba ya mbuzi vyaweza kumwangusha.

Kila wiki, kaza nati, angalia bawaba, pini na mpira. Mpira ukiisha, badilisha siku hiyo hiyo.

NANI ASITUMIE KABLA YA KUPATA USHAURI?

Mtu aliyepata kiharusi akabaki na mkono mmoja dhaifu hawezi kuishika fremu hii sawasawa. Huenda kifaa kingine kitamfaa zaidi. Mzee aliyeanguka akawa na maumivu ya nyonga apelekwe hospitali kwanza, kwani anaweza kuwa amevunjika. Mtu ambaye miguu imelegea ghafla apelekwe hospitali mara moja. Mtoto anayechelewa kutembea naye aonwe na mtaalamu. Uliza zahanati yako ikuelekeze kwenye hospitali yenye wataalamu wa mazoezi ya viungo.

Ndugu msomaji, hapa Tanzania ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza kuwabagua watu hawa. Inataka pia majengo ya umma yafikike nao. Lakini sheria haiwezi kukaza nati. Kazi hiyo ni yetu. Mpime mzee wako wiki hii, kisha mwone fundi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bawaba: chuma cha majani mawili kinachofanya mlango ufunguke na kufungwa.
Kizuizi: kitu kinachozuia fremu isijikunje.
Nyonga: mahali paja linapoungana na kiwiliwili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kimo cha fremu hupimwa kutoka wapi hadi wapi?
2. Mama Asha amepimwa sentimeta 76. Mpira wa nyayo una sentimeta 2. Ubavu wa fremu uwe na sentimeta ngapi?
3. Kwa nini nguzo za kifua hazifiki ardhini?
4. Ni watu wangapi kijijini kwenu hawafiki kwenye mikutano kwa sababu ya miguu? Nani atakwenda kuwauliza wanachohitaji?