Mlango wa Adui Mwilini mwa Ng'ombe

Mfugaji wa Sindo akiona tezi za chini ya sikio la ndama wake zimevimba, mnyama anahema kwa shida na hataki kula, hana haja ya kuambiwa kilichomfika. Ni ule ugonjwa wa kupe ambao wataalamu huuita Homa ya Pwani ya Mashariki, na majirani zetu wa Tanzania ndigana kali. Wiki tatu hivi tangu aumwe na kupe, ndama aweza kuwa amekufa, na karo ya muhula imekwenda naye.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wetu huchora mzunguko wa maisha ya kimelea cha malaria bila kuinua kichwa, lakini ni nadra kuulizwa swali kuhusu Theileria parva, jamaa wa kimelea hicho anayemaliza mifugo nyumbani kwao.

Kupe wa kahawia wa masikioni akishajishikiza, hupita siku tatu au nne kabla mate yake hayajajaa vimelea vilivyokomaa. Vikishaingia mwilini, dakika chache huvitosha kupenya ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizo askari wa mwili. Humo haviui kwa pupa. Huilazimisha chembe ijigawe tena na tena mithili ya saratani, navyo hugawanyika pamoja nayo.

Ili kupenya, kimelea hutegemea protini zilizo juu ya ngozi yake. Mojawapo, p67, ilichunguzwa hapa hapa Kenya, katika maabara ya ILRAD mjini Nairobi. Mwaka 1992 watafiti wake, Anthony Musoke akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba ng'ombe aliyechanjwa kwa protini hiyo hutengeneza kingamwili za kumzuia adui mlangoni. Baadhi ya ng'ombe walikingika, si wote. Zaidi ya miaka 30 baadaye, chanjo ya p67 haijamfikia mfugaji.

Iliyopo ni ile iliyobuniwa Muguga, ambapo ng'ombe hudungwa vimelea hai na papo hapo dawa ya oksitetrasaiklini ya kuvidhibiti. Ni chanjo ya kusifiwa, kwani dozi moja humkinga mnyama kwa miaka. Lakini sharti ihifadhiwe katika nitrojeni ya kiowevu, na mrija mmoja huwa na dozi zipatazo 40 ambazo hazilazwi hadi kesho. Mwenye ndama watatu kando ya Ziwa Victoria azipeleke wapi 37 zilizobaki?

Isitoshe, Sindo ina jirani asiyeambilika: nyati wa Hifadhi ya Ruma. Nyati huchukua kimelea hiki pasipo kuugua, na p67 ya vimelea vyake hutofautiana na ya vile vya ng'ombe. Kwa hiyo twasema wazi kwamba chanjo mpya isipimwe Nairobi pekee. Ng'ombe wa Suba nao wahesabiwe, na serikali itoe fedha zake badala ya kuwaachia wafadhili kila kitu.

Walimu wa baiolojia wasingoje maabara. Sikio la ndama, kioo cha kukuzia na kopo lenye kifuniko vyatosha kwa somo la kwanza. La pili na liwe la hesabu: ni nyumba ngapi kijijini zenye ndama, na ni asubuhi gani zaweza kuwakusanya 40 mahali pamoja?