Padi ya PS6: mbeleko kabla ya mtoto

Jamani, mbona tunabishania padi ya PS6, tunanunua mbeleko na mtoto hajazaliwa? Wakongwe mtakumbuka mwaka 2005, Sony walipoonyesha padi ya PlayStation 3 (PS3) iliyopinda kama ndizi. Tukabishana weee, kisha 2006 ikatoka yenye umbo lilelile la zamani, tena bila mtetemo! Mtetemo ulirudi 2007 na DualShock 3.

Kwa hiyo hizi picha za padi ya PS6 zinazosambaa hazininyimi usingizi. Ombi langu ni moja tu: vijiti vya sumaku. Padi nyingi za leo, kila ukisukuma kijiti, kuna kijichuma ndani kinasugua utepe wa kaboni. Utepe ukishalika, unaiweka padi mezani bila kuigusa na beki wako kwenye gemu ya soka anajitembelea taratibu mpaka nje ya uwanja. Kwenye sumaku hakuna utepe unaosuguliwa, basi hakuna utepe wa kulika. Wala si jambo jipya, Sega waliziweka kwenye Dreamcast tangu 1998.

Taa, rangi na umbo wapange wanavyotaka, tutazoea. Kijiti kinachotembea chenyewe hakizoeleki.