Zebaki inatoka mdomoni, sasa tunazibwa na nini?

Wadau, Novemba 2025 huko Geneva nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuachana na amalgamu ya meno ifikapo 2034. Ni ile ya rangi ya fedha, karibu nusu yake zebaki.

Mbadala mkubwa ni kompositi: resini ya plastiki iliyochanganywa na chembe za silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Siku hizi chembe ni za nano, ndogo mno, ndo maana jino lililozibwa linang'aa kama mengine. Safi sana! Lakini kompositi inataka jino kavu, taa maalumu ya kuigandisha na muda mrefu kwenye kiti. Amalgamu inaganda yenyewe, hata umeme ukikatika.

Mimi nasema zebaki iondoke. Ila kliniki isiyo na taa wala vifaa itabaki na koleo tu, na jino la kuzibika litang'olewa. Jamani, kuziba kwa vifaa vya mkono na saruji, bila umeme, kulianza kujaribiwa hapahapa Tanzania miaka ya 1980. Kwa nini serikali isianzie hapo, huku ikitafuta taa? 2034 sio mbali.

Nawasilisha. Mnaonaje?