Kondoa Imepimwa Vya Kutosha, Sasa Vijana Wake Wapewe Vipimo

Vijana wenzangu, leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikikosa adabu kidogo.

Nimesoma stashahada ya maabara. Nilienda field wiki nane kwenye maabara moja ya utafiti, sitaitaja. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ndoo na sabuni, nikaosha chupa. Wiki ya pili nikaosha chupa. Wiki ya tatu nikaambiwa nisage mahindi ya sampuli, nikafurahi kama nimepewa cheo! Mashine ya kupimia nilikuwa naitazama kwa mbali. Ukiisogelea unaulizwa, "Ukiharibu utalipa wewe?" Nauli, chumba, chakula, hata lile koti jeupe, vyote vilitoka kwa mama yangu anayeuza karanga Kondoa mjini. Mwisho nikagongewa muhuri: amefanya vizuri. Nimefanya nini vizuri? Kuosha.

Yangekuwa ya kwangu peke yangu ningenyamaza. Lakini mahindi yale niliyokuwa nasaga ni ya kijijini kwetu, na mahindi ya kwetu yameshaua watu.

Mnaukumbuka mwaka 2016? Watu wa Chemba na Kondoa, na wenzao wa Kiteto upande wa Manyara, walianza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya njano. Ikaitwa "ugonjwa usiojulikana". Sampuli zikafungwa, zikasafirishwa mbali na Kondoa, watu wakabaki wanasubiri huku wanaendelea kula ugali uleule. Majibu yakaja: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, inayoshambulia ini. Wagonjwa waliohesabiwa katika Dodoma na Manyara walikuwa 68. Waliokufa ni 20, na watoto wakiwemo. Mwezi Julai mwaka huohuo Serikali ya CCM ikatangaza kwa mbwembwe kwamba inahamia Dodoma. Makao makuu yanakuja, na ndani ya mkoa huohuo watu wanazikana kwa sababu ya ugali.

Sasa sikilizeni. Sumukuvu huwezi kuiona kwa macho na haiishi kwa kupika. Hindi linaweza kuwa jeupe, zuri, na bado lina sumu. Dawa ni kukausha vizuri, kuhifadhi vizuri, na kupima. Na kupima si uchawi. Unachota mahindi sehemu nyingi za gunia, maana sumu haikai sawasawa, punje chache zinaweza kubeba yote. Unasaga, unapima uzito, unachanganya na kimiminika kinachoitoa sumu kwenye unga, unachuja, unatumbukiza kijiti cha kipimo, unasoma. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, isizidi hapo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kazi hii akifundishwa na mtu aliyesimama pembeni yake kwa miezi, anayemwambia "hapa umekosea, rudia". Huo ndio uanagenzi. Ukichota vibaya juu ya gunia, mashine ya mamilioni itakupa jibu la uongo.

Na hii si afya tu, ni mfuko pia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Tukakasirika, tukasema ni siasa. Haya, tuseme ni siasa. Mkulima wa Kondoa anayetaka kubisha atabisha na karatasi gani? Nani alimpimia gunia lake?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kondoa si mgeni wa sayansi. Mwaka 1951 Mary Leakey alikuja kunakili michoro ya Kolo. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa HADO, na mwaka 1979 mifugo ya wazee wetu ikaondolewa ili ardhi ipumzike. Watafiti kutoka Dar es Salaam na Sweden wakapima makorongo yetu na udongo wa Haubi. Vitabu vikaandikwa, watu wakapata shahada. Sisi tulishika kamba, tukabeba mizigo, tukaonyesha njia. Kondoa imepimwa sana. Wapimaji wetu wako wapi?

Najua vijana wa Lumumba watakuja kwenye comment: "Mbona maabara zinajengwa?" Kweli, zinajengwa. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi wakachangishwa, kuta zikasimama. Nenda kachungulie ya kata yako, hesabu vifaa, hesabu walimu wa sayansi, halafu urudi tubishane. Baada ya vifo vya 2016 ukaja mradi wa TANIPAC, na kituo kikajengwa Mtanana, Kongwa. Sipingi. Lakini jengo halipimi mahindi. Mtu ndiye anayepima.

Serikali hiihii ina programu ya uanagenzi, inawalipia vijana ada wajifunze ushonaji, uchomeleaji na ufundi magari. Safi kabisa. Kwa nini fundi gari anastahili kufundishwa kwa mikono, na kijana wa maabara "ajitolee"? Kujitolea kuna mwisho. Mtoto wa mkubwa atajitolea mwaka mzima, wa Kondoa atarudi kuendesha bodaboda na cheti chake kabatini. Na msituambie tujiajiri. Maabara haifunguliwi kwa mkopo wa pikipiki.

Tunataka mambo matatu tu. Kwanza, uanagenzi wa maabara uingizwe kwenye programu hiyo, wenye posho ya kila mwezi. Pili, kila mwanagenzi awe na fundi anayemwongoza na orodha ya vipimo alivyofanya kwa mikono yake, muhuri ufuate kazi. Tatu, wakati wa mavuno Halmashauri ya Kondoa iwe na vijana wake wa kupima magulioni na kwenye maghala, kabla mahindi hayajafika jikoni.

Madiwani wa CCM, hili si suala la kusubiri "mchakato". Kila msimu mahindi yanaanikwa chini, mvua inayakuta, yanaingia kwenye magunia. Mwaka 2016 mlisema ugonjwa haujulikani. Sasa unajulikana. Ukirudi, mtasemaje?