Gesi ya Lindi na Taa za Visiwani

Mtumishi anayepewa uhamisho kutoka Kalangalala kwenda Izumacheli au Maisome huuliza kwanza habari za nyumba, kisha za umeme. Swali hilo si la anasa. Zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa hutunza chanjo kwa taabu, na mwalimu hawezi kusahihisha madaftari kwa kibatari mwaka mzima.

Nchi yetu ina gesi. Iligunduliwa Songosongo mwaka 1974, na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Sasa upo mpango wa Lindi: gesi ya bahari kuu ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, iwe kimiminika, ujazo upungue kama mara 600, ipakiwe melini. Wanunuzi wanaotazamiwa zaidi wako ng'ambo. Hatuna ugomvi na fedha za kigeni. Lakini Wareno, tangu 2014, hupeleka gesi ya namna hiyo kisiwani Madeira ndani ya makontena. Kwa nini mipango ya Lindi isitenge tangu mwanzo mahali pa kujazia makontena ya Mafia, kisiwa kilichotegemea mashine za dizeli kwa miaka mingi?

Kwa visiwa vya Ziwa, tusidanganyane. Kontena lingesafiri nchi kavu hadi Mwanza, kisha majini, na gesi hiyo huchemka kidogo kidogo kila siku inapokawia. Kisiwa chenye matumizi madogo hakiwezi kuimaliza kwa wakati. Tena ni vivuko vipi vingeibeba? Hatujasahau MV Nyerere, iliyozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018.

Ukara yenyewe ilianza kupata umeme wa jua, ukisaidiwa na dizeli, mwaka 2016. Manung'uniko yalikuwa juu ya bei, iliyoipita mno ile ya TANESCO. Pemba iliachana na dizeli mwaka 2010, waya ulipotandazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Njia zipo, nazo hazifanani.

Tunaiomba Wizara ya Nishati itangaze orodha ya visiwa vyote, kila kimoja na njia yake, iwe waya, jua au gesi, mwaka wa kukamilika, na bei atakayolipa mkazi. Nakala ibandikwe katika kila ofisi ya kata visiwani.