Meno Yatunzwe, Yasingojewe Kung'olewa

Limekuwa jambo la kawaida katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba kwa mtu kumkumbuka daktari wa meno siku ile tu anapokesha kwa maumivu. Hufika hospitali shavu limevimba, na ombi lake huwa ni moja, nalo ni jino ling'olewe. Ndiyo maana katika hospitali nyingi za umma nchini, kung'oa kumekuwa huduma inayotolewa zaidi kuliko huduma nyingine zote za meno. Hatuwalaumu madaktari kwa hilo, kwani jino lililokwisha kufikia hali hiyo mara nyingi halina tena dawa nyingine. Tunalosema ni kuwa maradhi hayo yalichukua miezi, pengine miaka, kabla ya kufika hapo, na muda wote huo yangeweza kuzuiwa.

Kazi ya kuyazuia huanza na mtoto mchanga. Jino la kwanza huota anapofikia umri wa miezi sita hivi, na akikaribia miaka mitatu huwa na meno 20. Wapo wazazi wanaodhani kuwa meno haya hayana thamani kwa vile yatang'oka yenyewe. Dhana hiyo ni ya hatari. Meno ya utotoni ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya kudumu, na yakioza humnyima mtoto chakula, usingizi na masomo. Isitoshe, mtoto anapofikia umri wa miaka sita, gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utotoni bila ya jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulihesabu gego hilo kuwa ni la utotoni na kuliacha lioze. Likishang'olewa, halioti jingine.

Vile vile hatuna budi kuikemea imani ya "meno ya plastiki", inayojulikana katika sehemu mbali mbali za Afrika Mashariki, ambayo kwayo mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha hukwanguliwa ufizi kwa chombo kichafu ili kutolewa kile kinachodaiwa kuwa ni jino la maradhi. Kinachotolewa ni chipukizi la jino lake halisi. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya.

Chanzo cha kuoza kwa meno si siri. Vijidudu vilivyomo katika ukoga hula sukari na kutoa asidi inayolila jino kidogo kidogo. Kila mara tunapoonja kitu kitamu, asidi hiyo hupata nguvu upya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula, na ni bora zaidi isifike asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kiasi cha vijiko sita vya chai kwa siku. Msomaji na ahesabu mwenyewe: chai ya asubuhi, soda ya mchana, kashata ya jioni. Hatusemi kuwa halua iondoke katika sahani zetu siku ya Idi. Tunasema vitamu viliwe pamoja na mlo badala ya kutafunwa kutwa nzima, na pasiwe na mtu anayelala kabla ya kusafisha kinywa chake, hata katika usiku wa Ramadhani baada ya kula daku.

Wazee wetu walikuwa na mswaki wa mti, na ni desturi njema inayostahiki kuendelea. Lakini kinga iliyothibitishwa zaidi leo ni dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosha kiasi cha punje ya mchele. Kwa aliyezidi hapo hadi miaka sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Na mkono wa mzazi ndio uushike mswaki mpaka mtoto aweze kuutumia vizuri.

Kwa watu wazima, tunapenda kuiondoa fikira kwamba ukibogoyo ni amri ya uzee. Meno mengi ya wazee hupotea kwa maradhi ya ufizi, na fizi zinazotoa damu ni onyo. Maradhi hayo na kisukari huchocheana, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari ana haja kubwa zaidi ya kuangaliwa kinywa. Kuhusu tambuu, ukweli lazima usemwe ingawa ni mchungu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeshathibitisha kuwa popoo husababisha saratani hata ikitafunwa bila ya tumbaku. Mwenye kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili asikifiche.

Hata hivyo, mwananchi hawezi kuachiwa mzigo huu peke yake. Kwa mkaazi wa Tumbatu, Kojani au Kisiwa Panza, safari ya kumwona daktari wa meno ina bahari ndani yake, na si haki kumlaumu kwa kuchelewa. Dawa ya tatizo hili si ngeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndipo ilipoanzishwa njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila ya umeme wala mashine, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Mwaka 2021 Shirika hilo liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floridi, saruji ya kuzibia meno kwa njia hiyo, na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi ambayo husimamisha uozo, ijapokuwa huacha doa jeusi.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kuwa vitu hivyo vitatu havikosekani katika vituo vya shehia, na si katika hospitali kubwa tu. Muuguzi anayempima mtoto uzito amfunue na mdomo. Kila mtoto anayeanza skuli akaguliwe magego, na lililotoboka lizibwe pale pale. Visiwa vidogo navyo vipangiwe siku maalumu za kufikiwa, na masheha wazitangaze mapema. Gharama za hayo ni ndogo kuliko hasara ya taifa linalokua na maumivu ya meno.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinywa ukuta huo haujengeki tena. Tuzibe ufa.